Walipoezua, Tuliezeka

Makuti yakilowekwa siku mbili kwenye pipa hutoa harufu yake, kama chai iliyolala iliyochanganyika na udongo wa kisimani. Watu wengi hawaipendi. Mafundi wangu wanalalamika kwamba imewaingia mpaka kwenye kanzu za Ijumaa. Mimi harufu hiyo imenijengea nyumba tatu, mbili Zinga na moja Bagamoyo mjini, na sitaficha: ukipita pwani yetu hii ukaona hoteli ya makuti, paa limekaa kama kofia ya viua iliyotoka kufuliwa, jua huo ni mkono wangu. Nilianza na baiskeli moja, tena ya kuazima. Leo nina malori, na vijana waliosoma mpaka macho yakawauma wananiamkia asubuhi mlangoni wakingoja niwape kazi. Shule yangu mimi ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza.

Basi juzi fundi wangu mmoja alifunua gunia juu ya pipa, ile harufu ikanipiga usoni, nikajikuta nimegeuka, nimekwenda kukaa ndani ya gari na vioo nimepandisha. Mke wangu akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia ndiyo, presha. Ningemwambia nini, wakati aibu haina kidonge? Na aibu yangu hii ina umri mkubwa kuliko watoto wangu wote.

Nawaandikia wenzangu wa rika langu, mliokuwa watoto wakati watu walipokuwa wanatolewa mashambani kwao kwenda kukaa pamoja kandokando ya barabara. Mnaikumbuka operesheni. Wapo ambao kwao ilikuwa heri, wakapata shule na zahanati, na mimi sibishani na mtu. Naeleza ya kwetu Milalani tu, vibanda ishirini na kitu ndani ya minazi na mikorosho, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Makurunge. Usiende kupatafuta. Hapapo.

Aliyewafanya watu wa Milalani wakatae kuhama alikuwa mwanamke, shangazi yangu Mwanahamisi, dada yake baba. Alikuwa ameolewa mara mbili na kurudi nyumbani mara mbili. Mwenyewe alisema, "Wa kwanza aliniacha, wa pili nilimwacha, tukawa sare." Aliporudi mara ya pili babu alimpa kipande cha pori. Akakifyeka kwa mkono wake, akapanda minazi arobaini, na kila jioni ya kiangazi alikuwa anateka maji mtoni na kuyabeba kichwani kwenda kuinywesha. Mtoto hakupata. Minazi ile aliijua mmoja mmoja kama mwalimu anavyojua darasa lake, yupi mvivu, yupi anazaa lakini nazi zake hazina tui. Mimi nilipewa jina la babu, kwa hiyo Shangazi hakuniita mwanangu. Aliniita "baba", na aliponiita hivyo nilijiona nimekuwa mrefu.

Siku karani alipokuja na daftari kuandika wakuu wa kaya, watu walikusanyika kwenye uwanja wa madrasa. Baba akaandikwa. Majirani wakaandikwa. Ikafika zamu ya Shangazi.

"Jina la mume?" karani akauliza.

"Yupi?"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. "Wa sasa."

"Wa sasa ni minazi. Andika yote arobaini."

Karani akaweka kalamu chini, akamweleza pole pole kama anayesema na mgonjwa: mwanamke asiye na mume ataandikwa chini ya kaka yake, na kiwanja huko kwenye kijiji kipya kitatoka kwa jina la kaka. Shangazi akauliza, na minazi? Karani akasema minazi haipandi lori, na huko watu watalima shamba la pamoja.

"Kwa hiyo mimi nitakwenda kama mzigo wa kaka yangu," Shangazi akasema. "Kama kinu na mchi."

"Usilichukulie hivyo, mama."

"Nilichukulieje, mwanangu? Wewe ndiye mwenye kalamu, niambie."

Karani akafungua ukurasa mwingine. Mimi nilicheka pamoja na watu, maana nilidhani Shangazi ameshinda mabishano. Sikuona kwamba jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa, dogo, chini ya jina la baba.

Wanaume wa Milalani walikutana mara mbili msikitini baada ya sala ya alasiri. Walizungumza vizuri sana, wakatawanyika. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anakaa nao mle mle, na kila lililosemwa lilifika mjini kabla ya mwezi kuandama. Lakini wanawake walikuwa na kikao chao cha kila siku ambacho hakuna aliyekiita kikao. Walikaa ukumbini kwa Shangazi wakisuka makuti na ukili, na nani atampeleleza mwanamke anayesuka? Wenzangu wa pwani mnajua kula kikoa, leo chakula kwangu, kesho kwako. Shangazi alichukua kikoa kile kile akakigeuza. Badala ya chakula ikawa makuti. Kila nyumba ilete makuti thelathini kwa juma, yawekwe akiba. Watakaokuja kutuhamisha tunajua wanaanza na paa: wanaezua nyumba ili mwenyewe apande lori kwa kukosa kivuli. Basi wakiezua, sisi tutaezeka, siku ile ile, nyumba zote, mikono yote. Hakuna kurusha jiwe, hakuna kutukana mtu wa serikali. Na hakuna mtu kupanda lori peke yake.

La mwisho walilopatana ndilo tulilofundishwa hata sisi watoto, kama tunavyofundishwa Alhamdu. Mtu akiulizwa mkubwa wenu ni nani, aseme, "Hatuna mkubwa." Basi. Asiongeze neno.

Akiba ya makuti ilihitaji mahali. Dada yangu Mwajuma alikuwa amevunja ungo miezi michache nyuma, na kwa desturi yetu alikuwa amewekwa ndani kwa shangazi yake kuwa mwali, asitoke, asionekane na jua, mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa. Kwenye chumba cha mwali mwanamume haingii. Hata baba mzazi hapiti karibu bila kukohoa mbali. Makuti yakapangwa humo, tangu sakafuni mpaka kwenye mapao, na Mwajuma katikati yake kama yai, naye kutwa anashona. Mimi sikutakiwa kuyajua haya. Lakini ukuta wa nyuma ulikuwa na tundu, udongo umebanduka kati ya fito mbili, nami nilikuwa nakwenda kuchungulia na kunong'ona naye, maana nilikuwa na upweke wa kuchukuliwa dada yangu. Alikuwa ananitolea vidole nje ya tundu nione vilivyochanika.

"Utawamaliza wenye malori kwa vidole hivyo," nikamwambia.

"Nyamaza wewe, mdomo wako mrefu kama mwiko wa pilau."

Aliyeletwa kutuezua alikuwa Bwana Maganga, msimamizi wa lori, mtu mnene, mpole wa sauti, Mnyamwezi wa huko Tabora. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika kichwani mwangu. Sisi Wakwere na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi babu zao walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukunyang'anya kuku mkononi, anaweza kulala kaburini kwenu siku ya msiba akakataa kutoka mpaka mmpe kitu, nawe unacheka. Neno la utani halina dhamana. Hakuna aliyewahi kushikwa kwalo.

Siku ya kwanza alishuka kwenye lori na vijana wake sita wa mgambo, akaja moja kwa moja ukumbini kwa Shangazi.

"Mtani, nimekuja kukuvua kofia."

"Babu yako alifika hapa na jino la ndovu utosini," Shangazi akamjibu bila kuacha kusuka, "akaomba maji kwa adabu. Wewe umekuja na lori, hata salamu umeisahau njiani."

"Shikamoo, basi."

"Marahaba. Maji yamo mtungini, kunywa wewe kwanza, halafu vijana. Wanyamwezi mkichangia kata mnauma."

Akanywa. Akashukuru. Kisha akawaambia vijana wake wapande juu, wakaezua nyumba tisa na kupakia makuti yote kwenye lori ili tusiyatumie tena. Kabla ya magharibi nyumba zote tisa zilikuwa na paa. Nilikuwa nawarushia mafundi makuti nikiwa chini, na sijapata kuona watu wakifanya kazi vile tangu hapo, na mimi nimesimamia kazi nyingi. Mabibi waliokuwa wanatembelea fimbo walikaa chini wakipitisha kamba. Nani alitoa amri, husikii. Kila mtu alijua mahali pake.

Baada ya juma akarudi. Akasimama katikati ya uwanja akageuka huku na huku.

"Mtani, mapaa yenu yanaota kama nywele?"

"Ilinyesha mvua," Shangazi akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko, hata vijana wake wawili.

Wakaezua kumi na mbili. Tukaezeka kumi na mbili. Mara ya tatu wakaezua karibu zote, ikatuchukua mpaka adhuhuri ya pili, lakini tukaezeka. Mimi nikawa nahesabu moyoni kama anayehesabu kete za bao: tatu kwetu, kwao sifuri. Niliona ni mchezo mkubwa kuliko yote niliyowahi kuiona na kwamba Bwana Maganga anaupenda kama sisi. Nilikuwa mtoto, lakini macho nilikuwa nayo. Mara ile ya tatu hakuomba maji. Shati lake lilikuwa chafu, na vijana waliosimama nyuma yake walikuwa wapya, hakuna aliyecheka. Nilivitazama vyote hivyo nisivione.

Tena kulikuwa na jambo lililokuwa linanikera, nami nalisema kwa kuwa nalijua, bado linaishi ndani yangu. Tulikuwa tunashinda na hakuna aliyejua kwamba tunashinda. Kila wakiulizwa, "Hatuna mkubwa." Mtu ana shangazi mwenye akili ya kuyumbisha malori, halafu anatakiwa aseme hana. Nilikuwa nalala na sifa ile kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto.

Mara ya nne ilikuwa mchana, jua limesimama. Wanawake walikuwa mtoni, baba na wenzake wamekwenda korosho. Mimi nilikuwa peke yangu shambani juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia, naamia ndege wasile mpunga. Lori likaja taratibu kwenye njia ya shamba, likasimama chini ya dungu langu. Bwana Maganga mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Vijana walikuwa nyuma.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mtani. Unalinda nini, na Wakwere ndio ndege wenyewe?"

"Nalinda Wanyamwezi wasije kula mpunga mbichi, wakaumwa matumbo njiani."

Akacheka. Vijana wakacheka. Nikajisikia mtu mzima. Akaufungua mlango wa upande wa pili, akauacha wazi. Ndani kulikuwa na kiti cha ngozi nyekundu kilichopasuka katikati, sponji imetoka. Nilikuwa sijawahi kukaa ndani ya gari. Kiti kile kwangu kilikuwa kama kiti cha sultani.

"Unaona hapa?" akasema. "Hapa nampandisha mtoto wa watu wenye mkubwa wao. Ningekupandisha wewe, ukapiga na honi. Bahati mbaya kwenu hakuna mkubwa. Kuku wasio na jogoo."

Jibu nililijua. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikatazama kiti.

"Tunaye," nikasema.

"Nani? Yule jogoo wa baba yako asiye na mkia?"

"Shangazi yangu. Na hata ukiezua mara mia, makuti yapo."

"Yapo wapi, mbinguni?"

"Kwa mwali."

Hakucheka. Nakumbuka alizima injini kwanza, na ukimya ukaja mpaka nikawasikia ndege kwenye mpunga wanakula, maana nilikuwa nimeacha kuwafukuza. Alipangusa uso kwa kiganja. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Haya, panda."

Nikapanda. Naomba mnielewe, sikupakiwa kwa nguvu. Nilishuka dungu kwa kuruka, nikauacha mpunga wa baba kwa ndege, nikapanda mwenyewe. Tulipoingia Milalani nilipiga honi, mara tatu, na watoto wenzangu wakatoka wakikimbia nyuma ya lori, nami nikawapungia mkono.

Bwana Maganga alisimamisha lori nyuma ya nyumba ya Shangazi. Aliwaambia vijana, "Kwa mwali msiingie. Bomoeni ukuta." Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au nini. Wakaupiga ukuta wa nyuma kwa mitaimbo, pale pale penye tundu langu, udongo ukaanguka, fito zikachomoka, na makuti yakaonekana yamepangwa mpaka juu kama vitabu. Kati yake akasimama dada yangu. Miezi yote ile hakuona jua, alikuwa amepauka, na macho aliyafumba kwa nguvu. Alikuwa amevaa kaniki kiunoni, na mikono yote miwili ameikunja kifuani. Wanaume saba walimwona. Wanane, na mimi, kwa kioo cha mbele.

Shangazi alitokea njia ya mtoni anakimbia, ndoo ameiacha huko huko. Alipofika hakumtazama Bwana Maganga. Alivua kanga yake ya juu akamfunika Mwajuma kichwani, akamkalisha chini, akamgeuza uso. Ndipo akainuka akatazama lori, akaniona nimekaa ndani. Uso wake haukubadilika. Ningekuwa radhi anitukane mbele ya watu wote.

"Mtani," Bwana Maganga akasema, "mchezo umekwisha."

"Mimi sikuwa nacheza."

"Najua. Nami nimeambiwa nisirudi bila mwenye jambo hili."

"Basi umempata. Wengine waache, nilikuwa nawalazimisha."

Huo ulikuwa uongo, kila mtu pale aliujua, na wanawake waliokuwa wanafika na ndoo zao wakaanza kusema hapana, sote, tuandikeni sote. Shangazi akawakatiza kwa mkono mmoja. Walimpeleka mjini kwa Landrova iliyokuwa inangoja njia panda. Makuti yakachomwa pale uani. Yalikuwa makavu, hayakuchukua muda.

Siku iliyofuata Milalani nzima ilipanda malori. Bila makuti na bila yeye, hakuna aliyeezeka. Mama alipanda nyuma na sufuria na kuku. Mwajuma alipanda amefunikwa gubigubi kama maiti, na watu wakamwachia nafasi. Bwana Maganga aliponiona nimesimama akaniambia, "Pale pale pako." Nikakaa mbele tena. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona baba amesimama kwenye bodi la lori anatazama minazi inavyorudi nyuma. Niliendelea kutazama kile kioo kwa sababu kilikuwa kinanipendeza.

Wenzangu huko kijiji kipya walinipa jina, Utingo. Nami nililipenda, mjinga mimi. Niliposikia "We Utingo" nilikuwa naitika kwa kifua. Wakubwa hawakuniita hivyo. Hawakuniita jina lolote. Baba hakunipiga hata kofi moja, na mama alipakua chakula changu akakiweka chini, akaondoka. Mwajuma aliolewa haraka huko Mkange, bila ngoma, bila kutolewa, maana mwali aliyekwisha kuonekana utamtoa nini. Ni bibi mwenye wajukuu sasa. Tukikutana ananiuliza afya na watoto, kwa adabu zote. Haniulizi jingine.

Shangazi alirudi tulipokwisha kula Idi. Alikuwa amekonda, na bega moja limeshuka. Alikwenda kwanza kuitazama minazi yake, kwa miguu, peke yake, akarudi siku ya pili bila kueleza alichokiona. Kiwanja hakupewa. Aliandikwa chini ya baba, akalala jikoni kwetu. Kila ugawaji wa kitu kijijini, mbegu, sabuni, shuka, jina lililoitwa lilikuwa la baba, naye alikuwa anakwenda kupokea nyuma ya baba. Mwanamke yule niliyemwona anawapanga watu kama vidole vya mkono wake hakusema tena neno mkutanoni. Alikuwa anakaa na wanawake wenzake, anasuka, ananyamaza.

Nilipopata uwezo nilimjengea. Chumba na sebule, Zinga, bati juu na saruji chini, na watu wanalizungumza jambo hilo mpaka leo: yule bwana anamjua shangazi yake. Nami nikisifiwa nasema, "Ni wajibu." Nyaraka za nyumba ile ziko kwa jina langu. Nilikwenda kuandikisha mwenyewe, na mtu wa ofisi akaniuliza kwa jina la nani, nikasema langu, kwa mazoea tu, kama anayesema bei. Shangazi alikaa humo mpaka akafa. Hakuuliza ni ya nani. Mimi sikumwambia.

Lakini na hilo bado naweza kulitafutia maneno. Lisilo na maneno ni hili.

Ilikuwa juma lile lile aliporudi kutoka mjini. Alikuwa jikoni anachemsha muhogo, mimi namsaidia kuchochea moto, kwa kuwa nilikuwa naogopa kukaa naye na naogopa kuondoka. Kisha akaniita kama zamani.

"Baba. Nasikia ulikaa mbele."

"Ndiyo."

"Kukoje huko?"

Nikamweleza. Nilianza kwa woga, lakini mnanijua, nikichokozwa kidogo nafunguka. Nikamwonyesha usukani unavyozungushwa, nikamwambia honi inalia ukiibonyeza hapa, na kile kioo unaona ya nyuma huku unakwenda mbele. Alinisikiliza kama mtu anayesimuliwa Hija na jirani yake. Alipoona nimemaliza akafunua sufuria, akatazama ndani, na akaniuliza bila kunigeukia.

"Kile kiti. Alikutajia kabla hujasema, au alikupa umekwisha kusema?"

Nilikuwa mtoto, lakini swali lile nililielewa lote. Nilijua anataka kujua alifikwa na kitu gani, aliuzwa au aliponzwa na mdomo wa mtoto tu. Nilijua kuna jibu moja litakalomfanya aweze kuendelea kuniita baba, na kuna jibu jingine.

"Nimekwisha kusema," nikamwambia.

Akashusha pumzi. Mabega yote mawili yakashuka, lile zima na lile la ugonjwa.

"Basi ulikuwa utani," akasema. "Utani hauna kesi."

Akachota kipande cha muhogo, akakipuliza mpaka kikapoa, akanipa mimi kabla ya kujipakulia mwenyewe. Nikapokea, nikala.